Deni la Milele

Dawa ya deni kulipa, ndivyo tulivyolelewa. Kisha nikaenda kusoma Essen, Ujerumani, katika bonde la Ruhr, na huko nikakuta deni ambalo wadaiwa wenyewe wanakiri kwamba halitaisha. Wamelipa jina: kazi za milele.

Deni lilianzia kwenye makaa ya mawe. Mashine inakwangua ukuta mrefu wa makaa chini ya ardhi, nguzo za chuma zinazozuia dari zinasogezwa mbele, na dari iliyobaki nyuma inaachwa iporomoke. Juu, mamia ya mita kutoka hapo, ardhi inatitia taratibu na kuwa kama sahani. Kuna sehemu za Ruhr zilizoshuka zaidi ya mita 20. Miji ilishuka nazo, pamoja na makanisa, reli na makaburi yake, na watu wakaendelea kuishi.

Maji ndiyo yaliyokataa. Yanafuata mteremko, na mteremko ulikuwa umeharibika. Mabomba ya chini yangekatika kila ardhi iliposogea, kwa hiyo mto Emscher ukageuzwa mfereji wa wazi wa maji machafu, ukabaki hivyo hadi 2021.

Mgodi wa mwisho, Prosper-Haniel, ulifungwa Desemba 2018. Pampu hazikuzimwa. Nyingine zinavuta maji ya chumvi yaliyo mashimoni yasifikie maji ya kunywa, nyingine zinainua maji ya mvua kutoka kwenye zile sahani. Zikizimwa, mitaa mizima itakuwa ziwa. Gharama analipa mfuko ulioanzishwa 2007, RAG-Stiftung, kwa faida ya fedha ulizowekeza, zikiwemo hisa za kampuni ya kemikali. Maana yake sebule ya mtu inabaki kavu mradi biashara fulani mahali fulani inalipa. Sijui kwa nini jambo hili halimkoseshi mtu usingizi.

Rafiki yangu mmoja alinijibu kwamba huo ni urithi kama urithi mwingine: wajukuu wamepata viwanda, reli na vyuo vikuu, basi wabebe na pampu. Hoja nzuri, ila mrithi anaweza kukataa urithi. Mtoto atakayezaliwa Gelsenkirchen mwaka 2150 hawezi kuikataa sahani. Na neno milele lina kiburi. Ndani ya karne moja bonde hilohilo limepita mikononi mwa kaisari, jamhuri, Hitler, majeshi ya Uingereza na jamhuri nyingine. Nani kati yao angeweza kuahidi pampu?

Hata hivyo, ipo sehemu ya mpango huu ninayoiheshimu kuliko mfuko wenyewe. Sheria ya madini ya Ujerumani inasema nyumba iliyo katika eneo lililoathiriwa na mgodi wa chini ikipata madhara ya aina ambayo mgodi unaweza kusababisha, inachukuliwa kwamba mgodi ndio uliosababisha, hadi ithibitishwe vinginevyo. Mwenye nyumba hana haja ya kuwa mhandisi. Vipimo, ramani za mashimo, picha za setelaiti zinazoonyesha ardhi ikishuka au kuinuka kwa milimita, vyote vinakuwa mzigo wa aliyechimba.

Nawafahamu watu kwetu Tanzania walioishi jirani na mgodi, nyumba zikapasuka, wakaambiwa tofali zao zilikuwa mbovu. Huenda baadhi zilikuwa mbovu kweli. Lakini walitakiwa kuthibitisha kitu kilichotokea chini ya miguu yao, mahali ambapo wasingeruhusiwa hata kuingia, wakati vipimo viko kabatini kwa mwenzao. Kwangu swali la haki linaanzia hapo, kabla ya fidia: panapokuwa na shaka, nani aibebe?

Mama mwenye nyumba wangu Essen alikuwa na ufa juu ya mlango wa jikoni. Alipaka plasta nyembamba juu yake, akaandika tarehe kwa penseli. Plasta ikipasuka, ardhi bado inatembea. Chini ya tarehe hiyo kulikuwa na nyingine tatu.