Wembe Usiokata

Mithali yetu ya zamani husema: mtoto akililia wembe, mpe. Waliotunga mithali hiyo hawakuwa wakatili. Walijua kuwa yako maarifa yasiyoingia kwa sikio ila kwa kidole chenye jeraha. Lakini siku hizi mtoto hupewa wembe wa namna nyingine, ambao huushika, huuzungusha, hukata nao apendacho, wala hautoi damu. Swali nitakalo kulipima mbele ya msomaji ni hili: je, elimu ipatikanayo kwa wembe usiokata ni elimu kamili?

Swali hili lilinijia Mkula, nilipokuwa huko wakati wa likizo. Mkula ni nchi ya wakulima wa mpunga, chini ya milima ya Udzungwa, katika bonde la Kilombero. Kijana mmoja wa sekondari aliniamkia, nami nilipomwitikia aliomba anionyeshe jambo katika simu ya kaka yake. Katika kioo niliona tufe dogo likining'inia kwenye uzi. Alilivuta kwa kidole, akaliachia, likabembea. Akarefusha uzi, mwendo ukapungua. Akaongeza uzito, mwendo usibadilike hata kidogo. Akacheka kama mtu aliyemkamata mwongo. Kisha akaipeleka pendulamu yake Mwezini. Uzi wa mita 1, ambao duniani huenda na kurudi kwa sekunde 2 hivi, kule ulichukua karibu sekunde 5. "Mwalimu," aliniambia, "nimefika Mwezini bila nauli."

Mchezo ule haukuzuka wenyewe. Mwaka 2002 Carl Wieman, aliyekuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2001, alianzisha katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, kazi iitwayo PhET, ya kutengeneza majaribio ya sayansi yachezwayo katika kompyuta. Siku hizi mengi ya majaribio hayo yameandikwa kwa HTML5 na JavaScript, yaani kwa zana zile zile zijengazo kurasa za intaneti, hata simu yenye kivinjari huweza kuyafungua. Hutolewa bure, baadhi yake yametafsiriwa kwa Kiswahili, na yaweza kuhifadhiwa yakatumika mahali pasipo mtandao.

Nianze kwa kuupa mchezo haki yake. Wako wadhanio kuwa furaha ni adui wa elimu, na kwamba mwanafunzi achekaye hajifunzi. Mimi si mmoja wao. Katika shule yenye chupa chache za kioo, mwanafunzi huonywa asiguse kabla ya kufundishwa kugusa. Nayo hofu ya kuvunja humfanya atazame mikono ya mwalimu badala ya kutumia yake. Katika kioo cha simu aweza kuunganisha waya vibaya, betri ikawaka moto, yeye asiungue wala asilipishwe. Kosa lisilo na adhabu humpa ujasiri wa kuuliza, na bila ujasiri huo hakuna mwanachuoni aliyepata kuzaliwa.

Lakini mwalimu mwenzangu mmoja, nilipomsimulia habari hii, alifurahi kupita kiasi. Alisema, "Basi hatuna haja tena ya maabara." Hapo ndipo nilipotengana naye, na sababu yangu niliipata ndani ya mchezo wenyewe.

Katika jaribio lile la pendulamu mna sayari iitwayo X. Nguvu yake ya uvutano imefichwa, na mchezaji hutakiwa kuitafuta kwa kupima mwendo wa tufe. Ni zoezi zuri la akili. Hata hivyo, aliyeificha anaijua. Mchezaji hutafuta kitu kilichokwisha kuwekwa mahali na mkono wa mtu, kama mtoto atafutaye peremende iliyofichwa na mama yake. Kioo hakiwezi kumjibu jambo ambalo mwandishi wa programu hakulitia humo. Ulimwengu, kwa upande wake, hujibu hata yale ambayo hakuna mtu ayajuaye, na mara nyingi jibu lake halitupendezi.

Mfano hauko mbali na Mkula. Mwaka 1993, katika kijiji cha Idete, bonde hili hili la Kilombero, watafiti walianza kujaribu chanjo ya malaria iitwayo SPf66, iliyotengenezwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia. Watoto 586 wa umri wa mwaka 1 hadi 5 waliingizwa; wengine walipewa chanjo, wengine dawa isiyo na chanjo ndani yake, wala mama wa mtoto hakujua mwanawe alipewa ipi. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1994 yalionyesha kuwa chanjo ilipunguza homa za malaria kwa kiasi cha asilimia 31. Watu wakatumaini. Kisha majaribio ya Gambia na ya Thailand hayakuona kinga yo yote, na chanjo ile ikaachwa.

Idete hapakuwa na aliyeficha jibu. Wala hapakuwa na kitufe cha kuanza upya, kama kile kilichomo katika mchezo wa kijana wangu. Mama aliyempeleka mwanawe alitoa kitu cha thamani kuliko fedha, na tulichopata kwa sadaka yake ni kujua kuwa njia ile haifiki. Hata hayo ni maarifa, na yalilipiwa. Anayedhani kuwa elimu yote hupatikana bila gharama hatakuwa na shukrani kwa waliolipa, na kesho, akiwa tabibu au mtawala, atawajaribia watu mambo kama ajaribuye matufe.

Nilimwambia kijana alete kamba na jiwe. Tulilifunga kwenye tawi la mwembe, tukapima mita 1, tukahesabu. Hesabu yake na yangu hazikulingana. Upepo ulisukuma, tawi lilitikisika, na baada ya muda jiwe likasimama, ambapo lile la kioo, msuguano ukiondolewa, hubembea bila kuchoka. Alikunja uso, akasema, "Hili jiwe letu si sahihi." Nikamjibu kuwa jiwe haliwezi kukosea, sisi ndio tuliokosea kulipima. Tukapima tena mara nne, mpaka jua likashuka nyuma ya milima.

Basi mchezo na uwe mlango, usiwe nyumba. Siogopi kuwa vijana watacheza mno. Nachelea kuwa watoto wa wenye mali watapewa kioo pamoja na maabara, na mtoto wa mkulima wa mpunga atapewa kioo peke yake, kisha aambiwe kuwa vyote ni sawa. Si sawa. Naye anajua, maana nilipoondoka asubuhi niliiona kamba ingali mtini, na jiwe jingine, zito kuliko la kwanza, limefungwa badala yake.