Heka 600 za Kwenye Daftari

Kombaini ilishushwa kwenye lori Ijumaa mchana, watoto wa shule wakaikimbilia kama wanavyokimbilia gari la matangazo. Tulikuwa Usangu, wilayani Mbarali, mpunga umeinamisha vichwa na mifereji imeanza kukauka. Mwenye mashine, ambaye sote tulimwita Tajiri ingawa sehemu kubwa ya fedha aliyoinunulia ilikuwa ya benki, alisimama pembeni na daftari kwapani. Mimi nilikuwa karani wake. Niseme mapema kwamba kisa hiki nimekiunga kwa misimu na watu zaidi ya mmoja, na majina yao nimeyaacha huko huko majarubani.

Ukurasa wa kwanza wa daftari ulikuwa na hesabu moja tu. Mashine inavuna heka 10 kwa siku, msimu una siku 60, jumla heka 600. Chini yake mistari miwili. Tajiri hakupenda kuhesabu kwa shilingi; kila kitu alikigeuza kuwa heka. Rejesho la benki, heka 200. Dizeli, 120. Dereva, msaidizi, karani na mlinzi, 60. Spea, 40. Zilizobaki, heka 180, zilikuwa nyumba ya kulala wageni pale Rujewa, ambayo tayari alikuwa amekwisha kuichagulia rangi.

Naisifu hesabu ile mpaka leo kwa unadhifu wake. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba siku ni siku.

Alfajiri mpunga una umande, na mpunga wenye umande haupurwi. Unajisokota ndani ya ngoma kama nguo mbichi. Kwa hiyo mashine haiingii jarubani kabla ya saa 4 asubuhi, na saa 12 jioni unyevu unarudi. Hapo una saa 8. Kombaini ndogo ya mpunga, yenye upana wa kukata wa kama mita 2, ikipata shamba zuri huvuna heka moja hivi kwa saa. Toa muda wa kugeuza kwenye vijaruba vidogo, muda wa kujaza magunia, muda wa kubishana na mwenye tuta lililovunjwa. Toa asubuhi nzima ya kuhama kutoka mfereji mmoja hadi mwingine. Halafu kuna yule mkulima aliyesahau kukata maji wiki mbili kabla ya mavuno: unaingia kwake, mashine inazama mpaka tumboni, na siku yako iliyobaki unaitumia kutafuta trekta la kuja kukuvuta. Na msiba ukitokea kijijini mashine inazimwa bila mjadala, kwa kuwa benki haizikani na mtu lakini sisi tunazikana.

Siku ya kwanza tulivuna heka 5. Ya pili 7. Ya tatu ilinyesha.

Tamaa ya Tajiri haikuzuka hewani. Alikuwa na video kwenye simu za wavunaji wa kukodi wa Marekani, wale wanaoanza na ngano ya Texas mwezi Mei na kuifuata ikiiva kuelekea kaskazini hadi karibu na mpaka wa Kanada. Biashara ile ina historia yake. Mwaka 1944, vita ikiwa imewachukua vijana wa mashambani na chuma cha viwandani, kampuni ya Massey-Harris iliruhusiwa kutengeneza kombaini 500 za ziada, kwa sharti kwamba kila mnunuzi aahidi kuvuna ekari zisizopungua 2,000. Kwa pamoja walivuna zaidi ya ekari milioni moja. Tajiri aliipenda sana ile 2,000. Kila nilipomwonyesha jumla ya wiki aliniambia, "Wenzetu 2,000, mimi naomba 600 tu, kijana wangu. Sijaomba mwezi na jua."

Lakini wale waliandaliwa na jiografia. Ngano yao huiva kwa zamu, jimbo baada ya jimbo, na mashine husafiri nayo kwa miezi. Mpunga wa Usangu huiva karibu kwa mpigo mmoja, na wiki chache unazozitaka wewe ndizo anazozitaka kila mwenye kombaini aliyesikia kwamba Mbarali kuna mavuno. Wewe unayekaa sasa na ndugu zako mkipanga kuchanga mnunue mashine, msianze na bei ya mashine. Anzeni na kalenda, mfute kwa kalamu nyekundu kila siku ambayo haitakuwa yenu.

Msimu ulipofika katikati tulikuwa na heka 96. Hapo ndipo Tajiri alipoanza kulipa deni la siku kwa vitu vingine.

Cha kwanza kilikuwa vipimo. Kwetu heka ni ekari, na ekari hupimwa kwa miguu, hatua 70 kwa hatua 70. Hatua za nani? Mtu mwenye hatua ya sentimita 80 anapata mraba wa mita 56 kwa 56, yaani mita za mraba 3,136. Mwenye hatua ya mita nzima anapata 4,900. Ekari ya vitabuni ni 4,047, iko kati yao, haina miguu. Anayelipwa kwa heka anataka heka fupi, na dalali tuliyemchukua alikuwa mfupi; siamini ilitokea kwa bahati. Wenye mashamba hawakuchelewa kugundua. Wakaleta mtu wao, kijana mrefu mwenye miguu ya korongo, na kila jaruba likawa linapimwa mara mbili huku kombaini imezima inasubiri. Kamba ya mita 50 ingemaliza ugomvi kwa dakika 10. Siku hizi watu huzunguka shamba na simu inayopima kwa setilaiti, na ugomvi umehamia kwenye matuta: tuta ni shamba, au si shamba?

Cha pili kilikuwa mwendo. Dereva aliambiwa akanyage. Sasa, kombaini si bodaboda. Ina mdomo wa kukatia, ngoma ya kupuria, chekeche na feni ya kupepetea, na kila kimoja kina kiasi chake cha kumeza. Ukiisukumia mpunga mwingi kuliko kiasi hicho haitasimama ikulalamikie. Itaendelea kunguruma vizuri tu, na punje zitatoka nyuma pamoja na makapi. Anayeketi mbele hazioni.

Kinamama waokota masazo waliziona. Kwa siku mbili waliiacha kombaini ya jirani wakaja kutembea nyuma yetu na nyungo zao, wakicheka na kutuletea maji ya kunywa. Tajiri alidhani tumependwa.

Siku ya tatu tulivuna kwa mama mmoja mwenye heka 3, mjane, mtu wa maneno machache. Alitembea nyuma ya mashine hatua kama 20, akainama, akachota makapi, akayapepeta kiganjani kwa pumzi. Kisha akaja kwangu nilipokaa na daftari.

"Mwanangu, shikamoo nisikudai. Hebu niambie, mashine yenu inavuna au inapanda?"

Sikuwa na jibu. Alipoondoka nilichora mraba wa mita moja chini, nikaondoa makapi, nikahesabu. Punje 1,000 za mpunga zina uzito wa gramu 25 hivi. Kwa hiyo kila punje 100 zilizolala kwenye mita moja ya mraba ni kama kilo 10 kwa ekari. Nilifika 600 kabla sijamaliza mraba. Nikapima sehemu nyingine mbili, hazikupishana sana. Kilo 60 za mpunga wa yule mama zilikuwa zimelala chini katika kila heka, na juu yake alitulipa kwa hatua za dalali mfupi. Nilimwambia Tajiri. Akanijibu kwamba mkulima naye ana tamaa, anataka mpaka punje ya mwisho. Nilinyamaza, na kunyamaza kule nakuhesabu katika makosa ya msimu ule, upande wangu.

Habari ilifika kwenye mfereji wa juu kabla yetu. Mashamba matatu tuliyokuwa tumeandikishiana yalivunwa na wengine. Tajiri alitukana washindani, akamtukana na dalali, kisha akaamuru tufanye kazi mpaka usiku.

Msaidizi wetu alikuwa kijana wa mundu. Namwita hivyo kwa sababu ndiyo kazi iliyomlea: kabla kombaini hazijajaa bondeni alikuwa kibarua wa kuvuna, na wenzake walikuwa wakimtania kwamba mkono wake wa kulia hauna mfupa, ni chuma kilichopinda. Kukata, kulundika, kupiga, kupepeta. Kazi ya siku kadhaa za watu kadhaa ambayo mashine huimaliza kwa saa moja. Kombaini ilipomnyang'anya kibarua aliamua kuifuata. Alikuwa akipaka grisi, akifungua na kufunga magunia, na mdomo ukiziba anashuka kuuzibua.

Mdomo huziba hasa mpunga ukiwa mbichi au umelala chini. Mashina hujisokota kwenye parafujo kubwa ya mbele, ile inayokusanya mpunga na kuupeleka katikati, mpaka inakwama. Dawa yake inajulikana: zima injini, chomoa ufunguo, subiri kila kinachozunguka kisimame, ndipo ushuke. Kuzima na kuwasha tena ni dakika mbili au tatu. Siku ile tulikuwa tumeziba mara tisa, na mara zote tisa Tajiri alikuwa amesimama kwenye tuta akiangalia saa. "Mnazimazima nini? Betri mtaninunulia nyie?" Basi dereva akawa anakata klachi tu ya mdomo, injini inaendelea, kijana anavuta mashina kwa mkono, anainua kidole, kazi inaendelea.

Mara ya kumi ilikuwa saa 1 na nusu usiku. Taa za mbele zilikuwa mbili, moja imeungua. Umande ulikuwa umeshuka na mpunga ule usingevunwa na mtu mwenye kalenda ya kweli. Kijana alishuka. Dereva, aliyekuwa kitini tangu saa 3 asubuhi, aliona kichwa kikiinuka kwenye mwanga, akaona mdomo ukifunguka. Kijana alisema, "Bado!" Katika ule mngurumo, kwa jicho lililochoka, "bado" na "haya" zinafanana.

Parafujo ile huzunguka mara tatu hivi kwa sekunde. Mtu aliyeshtuka huhitaji karibu nusu sekunde mkono wake utii. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi kuliko zile za heka.

Vidole vitatu vya mkono wa kulia. Tulimfunga kwa shati langu na kipande cha turubai, tukamkimbiza hospitali kwa pikipiki ya mlinzi, yeye katikati na mimi nyuma, na njia nzima alikuwa akiniuliza kama mpunga uliokuwa kwenye tangi umeshamwagwa, usije ukachemka. Ni kweli kwamba mpunga mbichi wa kombaini haukai. Usipoanikwa mapema unapata joto na kuharibika. Lakini sijui kwa nini aliwaza hilo.

Dereva hakurudi kazini, na sikumlaumu. Mashine ilisimama siku 9 wakati mpunga bora wa bonde ukivunwa na wengine. Tajiri alilipa matibabu, hilo nalisema kwa haki yake, akalipa kwa dizeli ya wiki mbili. Tulipofunga daftari tulikuwa na heka 214. Benki peke yake ilikuwa inasubiri 200. Sijawahi kusikia habari za ile nyumba ya kulala wageni.

Mwaka uliofuata nilikuwa nimeanza biashara ya mafuta ya kula, nikapita Usangu wakati wa mavuno kukusanya madeni. Kombaini ile ile, rangi imepauka, ilikuwa jarubani chini ya mwenyewe mpya, ikienda mwendo wa mtu anayetembea na mgonjwa. Nyuma yake hapakuwa na mwokota masazo hata mmoja. Karani wake alikuwa kwenye tuta, amekalia ndoo, kamba ya kupimia imeviringishwa miguuni, daftari gotini, kalamu mkono wa kushoto. Nilimtambua kwa mabega.

Tulisalimiana, tukaulizana ya nyumbani. Nikiwa bado nimesimama pale mdomo ukaziba. Injini ikazimwa, bonde likanyamaza mpaka tukasikia ndege. Dereva mpya akashuka na ufunguo mkononi, akakatiza makapi mpaka kwenye tuta, akampa yule karani. Hakuna aliyegusa mashine. Karani aliutia ufunguo kwenye mfuko wa shati, kisha akaanza kufunga kifungo cha mfuko kwa mkono wa kushoto, taratibu, kinateleza, anakirudia, na watu wote watano wakasimama wakisubiri.