Usafi wa Gari na Haki ya Kolwezi

Miongoni mwa mas-ala ambayo wanazuoni wa fikihi wameyajadili tangu kale ni haya: mtu aliyetia udhu kwa maji aliyoyaghusubu, yaani aliyoyatwaa kwa mwenyewe pasipo ridhaa yake, je, udhu wake umesihi? Rai iliyo mashuhuri katika madhehebu ya Hanbali ni kwamba haukusihi, kwa kuwa ibada haisimami juu ya dhuluma. Ama madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo aghalabu ya Waislamu wa pwani yetu wanayoyafuata, husema kwamba udhu umesihi, ila aliyeutia amepata dhambi, na thamani ya maji yale imo shingoni mwake mpaka ailipe. Mas-ala haya, ambayo mtu angeyadhania kuwa ni ya darasa za msikitini tu, nayaona yatufaa sana kupimia jambo la zama zetu, nalo ni gari liendalo kwa umeme.

Gari hilo halitoi moshi njiani. Na hata ukilihesabia hewa ya ukaa iliyotoka katika kuunda betri yake na kuzalisha umeme wake, aghalabu madhara yake kwa dunia huwa machache kuliko ya gari la petroli. Huo ndio usafi wake, wala si wa kukanushwa. Walakini betri nyingi za magari hayo zina kobalti, madini ambayo John Goodenough na wenziwe wa Oxford waliyaonyesha mwaka 1980 kuwa yanafaa katika betri za lithiamu. Na kiasi cha sehemu 7 katika 10 za kobalti ichimbwayo duniani hutoka Kongo, katika majimbo ya Lualaba na Katanga ya Juu, ambako watu husema Kiswahili kama sisi, ijapokuwa kwa lafudhi yao.

Sehemu kubwa huchimbwa na makampuni yenye mitambo, lakini wako pia maelfu wachimbao kwa mikono. Katika mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, ilipojulikana mwaka 2014 kwamba madini yamo chini ya nyumba, watu walichimba nyuani na hata sakafuni mwa vyumba vyao, wakateremka katika mashimo membamba yasiyo na nguzo wala hewa ya kutosha. Gunia likifika juu hupelekwa kwa mnunuzi, naye hulielekezea kipimo cha mkononi, wenyewe wakikiita metorex, kikasema mna kobalti kiasi gani. Na kwa kuwa kipimo ni cha mnunuzi, na bei ni ya mnunuzi, mchimbaji hana ila kupokea. Ameuza kwa hiari, watasema. Lakini hiari ya mwenye njaa mbele ya mizani asiyoijua ni jirani wa ghasbu, na Nabii Shuaibu aliwaonya watu wa Madyani kwa jambo la namna hiyo.

Basi wako wasemao, kwa roho ya rai ya kwanza, kwamba gari la namna hii ni batili, na heri mtu abaki na petroli yake. Rai hiyo humwacha mchimbaji bila ya fidia, na sasa bila ya mnunuzi pia. Rai ya pili, ingawa yadhaniwa nyepesi, ndiyo nzito, kwani humnyima mwenye gari nyudhuru zote mbili: hawezi kusema gari halina faida akajiondokea, wala kusema faida yake imekwisha lipa deni. Wala haimtoshi mwundaji kuhamia betri za chuma na fosfati zisizo na kobalti, kwani aliyeacha kuchota hajalipa alichokwisha chota.

Sheria ya madini ya Kongo ya mwaka 2018 imeyawajibisha makampuni kutoa sehemu 3 katika kila 1,000 za mapato yao kwa maendeleo ya wenyeji. Na Aprili 2022 Kongo na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kushirikiana katika kuunda betri, ilhali kobalti nyingi ingali ikisafirishwa China ikasafishwe huko. Hayo ni mwanzo wa kulipa, yakitimizwa, lakini hayamwondolei mtu mwingine wajibu wake. Kwani wanazuoni wa Shafii wamesema kwamba kila mkono uliopitiwa na mali ya ghasbu umo katika dhamana, na mikono hiyo, tangu mwenye metorex mpaka mwenye ufunguo wa gari, ni mingi.