Haki Huanza Lini?

Mimi ni mkalimani mahakamani Brussels. Juzi mama mmoja wa Bukavu, barua ya wito imelowa jasho mkononi, alininong'oneza: "Papa, hapa naruhusiwa kusema?"

Nikamkumbuka Johanna Airey wa Ireland. Alitaka mahakama imtenganishe na mume aliyempiga. Sheria haikumkataza, alikosa tu pesa za wakili. Mwaka 1979 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, huko Strasbourg, iliamua kwamba haki yake imevunjwa.

Je, haki huanza inapoandikwa, au mwenyewe anapoweza kuidai? Naamini huanza kinywani mwa anayeidai, na kabla ya hapo ni wino.

"Sema, mama," nikamwambia. Akaikunjua ile barua, akaanza na jina la marehemu mumewe.