Miche Ishirini

Mapatano ya mataifa juu ya mgao wa kahawa yalipovunjika mwaka 1989, bei ilianguka, na miaka iliyofuata mibuni iling'olewa katika vihamba vingi vya Kilimanjaro. Baadaye kituo cha utafiti cha Lyamungu kilitoa miche inayostahimili chulebuni. Je, mkulima aliyevunjika moyo ajiwekee ahadi ya kufufua kihamba chote kwa mwaka mmoja? Sisi twasema apande miche ishirini, kadiri samadi ya ng'ombe wake itoshavyo. Wako watakaouita huo uvivu. Lakini mwenye kuahidi mia tano, na zamu yake ya maji ya mfereji ni moja kwa juma, hujiahidi jambo ambalo moyoni ajua hataliweza. Na huo ni uongo, hata kama hakuna mwingine ausikiaye. Kahawa ya kuchuma ataingoja kama miaka mitatu. Migomba, twashukuru, haikung'olewa.