Akisahau Yeye, Sisi Tukumbuke

Neno la Jumapili, ibada ya pili
Somo: 2 Samweli 17:27–29 na 19:31–39, Isaya 46:3–4

 

Leo sitapaza sauti sana. Nina jambo la kutubu kwanza, ndipo nifundishe.

Mnaijua estate yetu. Buruburu ilianza kujengwa miaka ya 1970. Waliochukua hizi nyumba walikuwa vijana wa kazi, wakilipa mkopo kila mwezi na watoto wadogo mgongoni. Wengine wao mmeketi hapa mbele leo, mna miaka 75, wengine 80 na zaidi. Watoto wameoa, wameolewa, wamehama. Nyumba ni zilezile, na korti zinafanana. Mtu ambaye kumbukumbu imeanza kupungua anaweza kutoka dukani, aingie korti isiyo yake, na ahakikishe kabisa kwamba yuko nyumbani.

Ndivyo ilivyompata mama mmoja wa kanisa hili. Jina lake nalihifadhi, na watoto wake wamenipa ruhusa kusimulia. Alikuwa mweka hazina wa akina mama kwa miaka mingi, na hesabu yake haikuwahi kupotea hata shilingi. Halafu akaanza kutoa ushuhuda uleule Jumapili tatu mfululizo. Tukacheka kidogo, tukasema ni uzee. Sufuria zikaungua jikoni. Namba ya siri ya M-Pesa ikapotea kichwani. Siku moja akasema dada wa kazi amemwibia shilingi elfu tatu, na yule msichana akafukuzwa bila mshahara. Wiki mbili baadaye pesa zikapatikana ndani ya mkebe wa unga.

Kisha jioni moja akaingia kwa nyumba ya watu, akakataa kutoka. Vijana wakakusanyika. Mmoja akatamka lile neno: mchawi. Mshukuru Mungu soja wa geti alimfahamu.

Watoto wake waliponiita, nilienda na wazee wawili. Tukamwekea mikono, na mimi mchungaji wenu nikakemea. Nikaamuru pepo wa usahaulifu amtoke. Nikapaza sauti karibu saa nzima. Mama akalia, akanishika mkono, akaniuliza, "Mchungaji, kwani nimefanya nini?"

Wapendwa, swali hilo sijalala nalo vizuri tangu siku hiyo. Kwa sababu jibu ni kwamba hakuwa amefanya kitu. Alikuwa mgonjwa. Binti yake ndiye aliyempeleka hospitali, na daktari akaeleza kwamba ni dimenshia, ugonjwa wa ubongo unaoondoa kumbukumbu, hesabu, maneno na njia ya kurudi nyumbani, kidogo kidogo.

Sasa fungua Neno. Daudi anarudi kutoka vitani, moyo umevunjika kwa sababu ya Absalomu. Pale Yordani anakuja kumsindikiza mzee Barzilai, miaka themanini. Huyu si mtu wa kawaida. Daudi alipokuwa mkimbizi kule Mahanaimu, Barzilai alikuwa mmoja wa waliomletea vitanda, ngano, maharagwe, asali na kondoo. Mfalme anamwambia, twende Yerusalemu nikutunze. Mzee anajibu kwa ukweli. Anauliza kama bado anaweza kupambanua jema na baya, kama chakula kina ladha kwake, kama sikio lake linasikia waimbaji. Anaomba arudi mjini kwake, karibu na kaburi la baba na mama yake.

Sisemi Barzilai alikuwa na dimenshia. Nasema alijua mwili wake umebadilika, na akaweza kulisema mbele ya mfalme bila aibu. Na mfalme je? Hakumwambia hana imani. Hakumkemea. Alimbusu na kumbariki. Daudi hakumsahau, hata karibu na kufa alimwagiza Sulemani awatendee mema watoto wa Barzilai. Hapo kuna mambo matatu.

Kwanza, tuite ugonjwa kwa jina lake. Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliwaeleza wenzake habari za mama mmoja aliyepoteza kumbukumbu. Baada ya mama huyo kufa, aliuchunguza ubongo wake kwa darubini, akaona umeharibika. Ni kitu kinachoonekana kwa macho, kama kidonda. Ugonjwa unaoitwa kwa jina la daktari huyo ndio aina ya dimenshia inayowapata watu wengi zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na dimenshia, na wengi wao wako katika nchi kama zetu.

Usiseme ni ugonjwa wa wazungu. Hapo jirani, wilaya ya Hai chini ya Mlima Kilimanjaro, watafiti walipita vijijini wakipima wazee wa miaka 70 na zaidi, watu 1,198. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: karibu wazee 6 katika kila 100 walikuwa na dimenshia. Huko Hai wakatengeneza pia kipimo cha mtu ambaye hakusoma. Anaambiwa ataje wanyama, akumbuke maneno aliyosikia, apange njiti za kiberiti zifuate mfano. Hakuna kalamu, hakuna Kiingereza. Yaani shosho wa kijijini anaweza kupimwa kwa heshima. Kwetu Kenya pia, watafiti wamefanya kazi Makueni kuhusu aibu na unyanyapaa unaowafuata hawa wagonjwa na familia zao.

Na tusipoita kwa jina lake, tutaita kwa jina lingine. Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, akina mama wanne waliuawa na umati kwa kusingiziwa uchawi. Sisemi walikuwa wagonjwa. Nasema neno hilo huua, na nililisikia likitamkwa hapa Buruburu, kwa mama yetu.

Pili, maombi na hospitali havigombani. Mimi naamini Mungu anaponya, na nitaendelea kuombea wagonjwa mpaka nife. Lakini kumwombea mgonjwa si kumshtaki. Ukiona mzazi anauliza swali moja mara tano, anapotea njia anayoijua, anashindwa na pesa, au tabia imebadilika ghafla, mpeleke kwa daktari mapema. Wakati mwingine kusahau kunaletwa na kitu kinachotibika: tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, huzuni nzito, maambukizi, hata dawa anazomeza. Ukikaa nyumbani ukikemea, unaweza kupoteza nafasi hiyo. Na ikiwa ni dimenshia yenyewe, bado hakuna dawa ya kuiondoa kabisa, lakini familia inaweza kujipanga wakati mzazi bado anaweza kusema anachotaka.

Na ninyi wa miaka 40 na 50 msilale. Mwaka 2024 wataalamu wa jarida la Lancet walitaja mambo 14 yanayoongeza hatari, wakakadiria kwamba karibu nusu ya visa, asilimia 45, vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama yangeshughulikiwa. Mengine mnayajua: presha, sukari, sigara, pombe, kutotembea, kugonga kichwa. Mengine hatuyafikirii: masikio yasiyosikia na macho yasiyotibiwa, na upweke. Upweke, watakatifu! Mzee anayefungiwa ndani na televisheni Jumatatu hadi Jumamosi, hilo si jambo dogo.

Tatu, kanisa likumbuke kwa niaba yake. Kupitia Isaya, Mungu anaahidi kwamba yeye aliyetubeba tangu tumboni atatubeba mpaka mvi. Angalia nani anabeba. Wokovu wa mama yetu haujashikiliwa na kumbukumbu yake. Umeshikiliwa na Mungu asiyesahau. Siku akishindwa kusema jina la Yesu, Yesu bado anajua jina lake.

Nilienda kumwomba msamaha. Nikapiga magoti hapo sebuleni. Hakukumbuka nilichomfanyia. Aliniangalia, akaniuliza kama nimekunywa chai. Halafu binti yake akaanza pambio la zamani, na yule mama ambaye asubuhi hiyo hakujua jina la mwanawe aliimba ubeti wa kwanza hadi wa mwisho bila kukosea. Mimi ndiye niliyesahau maneno.

Huyu ndiye Barzilai wetu. Kanisa hili lilipokuwa hema, yeye ndiye alipika. Sasa binti yake ameacha kazi, halali usiku, na hajakaa ibada nzima tangu Januari. Tutamwambia tu, "Tunakuombea, dada"? Hapana. Akina mama wamepanga zamu: Jumanne na Alhamisi mmoja anaketi na mama ili binti apumzike. Vijana, ninyi mtazunguka kwa soja wa korti zetu, muwafahamishe wazee wanaopotea njia na namba za kupigia. Na yule dada wa kazi aliyefukuzwa tulimtafuta, akalipwa mshahara wake, na mimi mwenyewe nikamwomba radhi.

Kama ni wewe unayesikia kumbukumbu inateleza, na umekuwa ukificha, njoo useme kama Barzilai alivyosema. Hapa hutakemewa. Nakuahidi mbele za Mungu.

Tuombe. Baba, tusamehe tulivyowaumiza wagonjwa wako kwa jina lako. Wabebe wazee wetu. Wape nguvu wanaowatunza. Tupe akili ya kutafuta msaada mapema na upendo usiochoka. Katika jina la Yesu, amina.

Ya kujadili katika seli wiki hii
1. Ni nani kwenye korti yako ambaye hajaonekana ibadani kwa sababu ya uzee au usahaulifu? Nani atamtembelea kabla ya Jumapili?
2. Kuna mtu uliyemdhania vibaya, mzee au dada wa kazi, kwa sababu ya kitu kilichopotea? Utamrudia vipi?
3. Kila mtu wa miaka 40 na zaidi: ulipima presha na sukari lini mara ya mwisho?