Mwili Wenye Bei

Kumgeuza mtu kitu ni kumtenga na mwili wake. Mwili unatazamwa, unatamaniwa, unapimwa, unakadiriwa thamani, na mwenyewe anawekwa kando kana kwamba hahusiki. Mwanamke hutendewa hivyo mara nyingi zaidi kuliko mwanamume, na mazoea yamefanya jambo hilo lionekane la kawaida. Katika mikoa ya Mbeya na Iringa kuna mahali pawili ambapo linaonekana waziwazi. Pa kwanza ni kando ya barabara kuu iendayo Zambia, kwenye baa na nyumba za kulala wageni za Ilula, Mafinga, Uyole na Mbalizi. Pa pili ni kwenye dirisha la malipo la hospitali. La barabarani huzungumzwa makanisani na misikitini kama suala la maadili, na la hospitalini huzungumzwa bungeni kama suala la bajeti. Kuyatenganisha hivyo ni kosa. Yote mawili yanauliza swali moja: je, inafaa mwili wa mtu upewe bei, na bei hiyo ndiyo iamue atendewe vipi?

Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu chake cha misingi ya maadili cha mwaka 1785, alitenga vitu vyenye bei na vile vyenye hadhi. Chenye bei kinaweza kuondolewa na mahali pake pakawekwa kingine cha thamani ileile, wala hakuna aliyepunjwa. Chenye hadhi hakina kinacholingana nacho. Miaka zaidi ya mia mbili baadaye, mwaka 1995, Martha Nussbaum wa Marekani alichambua jinsi mtu anavyogeuzwa kitu, akaorodhesha njia saba: kutumiwa kama chombo, kunyimwa uamuzi, kudhaniwa hana utendaji wake mwenyewe, kubadilishwa na mwingine kana kwamba wote ni mamoja, kuonekana mtu ambaye mipaka yake inaweza kuvunjwa, kumilikiwa, na hisia zake kutohesabiwa. Nussbaum hakusema kila moja kati ya hizo ni uovu wakati wote. Alisema hukumu hutegemea mazingira na uhusiano uliopo kati ya watu, na jambo hilo lina uzito mkubwa hospitalini kama itakavyoonekana.

Iringa ina historia yake inayoeleza maana ya mtu kugeuzwa kitu vizuri kuliko kitabu chochote. Mtwa Mkwawa, kiongozi wa Wahehe, alipokufa mwaka 1898, kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mwaka 1919 fuvu hilo likaandikwa katika ibara ya 246 ya Mkataba wa Versailles, kwamba Ujerumani ilitakiwa kulikabidhi kwa serikali ya Uingereza. Miongo mitatu na zaidi ilipita. Hatimaye Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda kwenye jumba la makumbusho la Bremen, ambako fuvu lilichaguliwa miongoni mwa mengi kwa kulinganisha vipimo, na mwaka 1954 likarudishwa Kalenga, Iringa. Kiongozi aliyekuwa na jina, watoto na watu wake alikuwa amekuwa kipande katika mkusanyiko, kisha kifungu cha mkataba, kisha jibu la hesabu ya vipimo. Waliolichukua waliona mfupa, lakini Wahehe walikuwa wakimdai mtu wao.

Mwanamke anayehudumu baa kando ya barabara kuu hajakatwa kichwa, lakini mantiki ile inamfikia. Wengi wa wanawake hao wametoka vijiji vya Rungwe, Kilolo na Mufindi, ambako kazi ya shamba ni nyingi na fedha inayobaki mkononi ni ndogo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lenyewe lilikiri kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko watu wengine nchini, saa 12 au hata 14 kwa siku. Anayeondoka huko kwenda barabarani huwa anakimbia matumizi ya aina moja ya mwili wake, na hukuta matumizi ya aina nyingine. Mwenye baa humwajiri kwa sura. Mshahara huwa mdogo, na kilichobaki huachiwa wateja, yaani bakshishi yao ndiyo inayokamilisha ujira. Mteja naye akishanunua bia huhesabu kwamba amenunua na haki fulani: ya kumshika, ya kumwita kwa majina ya bidhaa, ya kukasirika akikataliwa. Mhudumu akizeeka kidogo au akiugua, mwingine huletwa, na baa inaendelea kama jana. Kati ya njia saba za Nussbaum, ni vigumu kutaja hata moja isiyopatikana hapo.

Madhara yake yamepimwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Mbeya waliwafuatilia wanawake wapatao 600 wanaofanya kazi katika baa, kwa sababu maambukizi ya VVU miongoni mwao yalikuwa makubwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta kiwango cha VVU kwa watu wa miaka 15 na zaidi kikiwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4. Kwa wanawake wa Tanzania kiwango kilikuwa 5.6, kwa wanaume 3.0. Takwimu hizi husomwa vibaya sana. Mara kwa mara husikika kwamba wanawake wa barabarani ndio wanaowaambukiza madereva, kana kwamba virusi vilizaliwa baa. Usemi huo nao humfanya mwanamke chombo cha kubebea ugonjwa, na humwacha mwanamume aliyepita na fedha mfukoni nje kabisa ya hesabu ya lawama.

Jambo hili haliishii barabarani. Wasichana wa Iringa wamechukuliwa kwa miaka mingi kwenda kufanya kazi za ndani Dar es Salaam, na sifa wanazotangaziwa, kwamba ni wavumilivu na hawasumbui, ni sifa ambazo mnunuzi huzitaka kwa kifaa. Maofisini na vyuoni kuna rushwa ya ngono, ambayo kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaifanya kosa la jinai. Ni vyema sheria ipo. Hata hivyo kuuweka uovu huu chini ya rushwa kuna hatari, kwa sababu katika rushwa huwa kuna mtoaji na mpokeaji, na mwanamke aliyelazimishwa huweza kuonekana mtoaji, mwili wake ukichukuliwa kuwa sarafu. Mwaka 2024 pendekezo la kumwadhibu pia anayeitwa mtoaji lilizua upinzani mkubwa kutoka kwa watetezi wa haki za wanawake, na walikuwa na haki ya kukasirika.

Sasa hospitali. Baada ya Azimio la Arusha, matibabu katika vituo vya serikali yalikuwa bure, na mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku tiba binafsi ya kibiashara. Uchumi ulipoyumba, marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1991, na kuanzia mwaka 1993 wagonjwa walianza kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Bunge lilipitisha sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya mwaka 1999, kisha sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii mwaka 2001. Mfuko huu ulipoboreshwa, kaya ya watu sita ilitakiwa kulipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 ikapitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kila hatua ilikuwa na sababu zake za kiuchumi, na baadhi zilikuwa za kweli. Lakini ukiziangalia pamoja, swali la kwanza ambalo mgonjwa huulizwa limebadilika. Zamani aliulizwa anaumwa nini. Siku hizi huulizwa kwanza analipa kwa bima au kwa fedha taslimu.

Muuza nyanya wa Ilula aliyepata uvimbe kwenye kizazi hukutana na swali hilo mara nyingi kwa siku moja. Hulipia kufungua faili, hulipia kumuona daktari, hurudi dirishani kulipia vipimo, kisha hurudi tena kulipia dawa. Akiambiwa anahitaji upasuaji, hupewa na orodha ya vifaa vya kununua. Katikati ya mizunguko hiyo hutokea jambo ambalo halionekani kwenye risiti: maumivu yake huanza kuzungumzwa kwa lugha ya deni, hata na yeye mwenyewe. Huacha kusema anaumwa, husema hana fedha. Wengine hurudi nyumbani hapo hapo, wakaendelea kuvuja damu huku wakipanga nyanya sokoni.

Deni lisipolipika, mwili wenyewe huwekwa rehani. Familia nyingi za Tanzania zimepitia hali ya kuzuiwa kuchukua maiti ya ndugu yao mpaka bili imalizike, ingawa serikali imelikataza jambo hilo zaidi ya mara moja. Nchini Kenya, wanawake wawili waliojifungua katika hospitali ya wazazi ya Pumwani jijini Nairobi walizuiwa kutoka kwa sababu ya bili. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuia kulivunja haki zao, ikiwamo haki ya kuheshimiwa utu wao. Hapo mantiki ya baa na ya dirisha la malipo zinakutana bila pazia. Mwenye baa hutumia mwili wa mwanamke kuvuta fedha, na anayemzuia mgonjwa hutumia mwili wake kukamua fedha kwa ndugu.

Kuna utetezi unaosema kwamba mwanamke wa Tanzania amelindwa, maana sera inatoa huduma za ujauzito na kujifungua bila malipo. Msamaha huo umeokoa maisha mengi na haupaswi kuguswa. Kwa vitendo mama mjamzito bado huambiwa afike na glavu, wembe, pamba, plastiki ya kutandika na kibana kitovu, lakini hata kama vyote hivyo vingetolewa, msingi wa msamaha unastahili kuchunguzwa. Mwanamke husamehewa anapobeba mtoto. Akishajifungua, au asipojaliwa kuzaa, au akipita umri wa kuzaa na kabla hajafikia miaka 60 ya msamaha wa wazee wasiojiweza, mguu wake uliovunjwa na bodaboda na uvimbe wake kwenye kizazi hurudi kuwa mzigo wake. Nchi inayomhudumia mwanamke bure kwa sababu ya mtoto aliye ndani yake imemtendea wema, ila imemtendea kama njia ya kumfikia mwingine. Kant angeuona upungufu huo mara moja, na mwanamke wa Mufindi hahitaji kumsoma Kant ili auone.

Pingamizi zito zaidi linatoka ndani ya tiba yenyewe. Daktari wa upasuaji hawezi kufanya kazi bila kuutazama mwili kama kitu. Anafunika uso wa mgonjwa, anaacha wazi sehemu ya kukata, na kwa saa hiyo hafikirii jina wala ukoo. Je, naye anamnyima mgonjwa utu? Hapana, na sababu ya hapana hiyo ndiyo kiini cha suala zima. Mgonjwa aliridhia akiwa na akili timamu, anaweza kukataa, na kutazamwa kwake kama kitu ni kwa muda na kwa faida yake mwenyewe. Daktari huuchukua mwili ili aurudishe kwa mwenyewe ukiwa na nguvu zaidi. Mteja wa baa huuchukua na hana nia ya kurudisha chochote. Hivyo kosa haliko katika kuutazama mwili, wala katika kuutamani ndani ya mapenzi ya watu wawili wanaoheshimiana. Kosa ni kutomrudishia mwenyewe nafasi yake.

Tofauti hiyo inaeleza pia woga wa wanawake wengi kufanyiwa uchunguzi wa shingo ya kizazi, ingawa saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake nchini, na chanjo ya kuikinga imetolewa kwa wasichana nchi nzima tangu mwaka 2018. Mwanamke aliyezoea kutazamwa kwa tamaa na dhihaka hupata taabu kuamini kwamba macho ya mhudumu wa afya ni macho mengine. Akisemwa vibaya kliniki, au akikuta mlango haufungwi vizuri, harudi. Wengi hurudi tu wakati ugonjwa umeshakomaa na safari imekuwa ya Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 800 kutoka Mbeya, kwenye Taasisi ya Saratani Ocean Road. Dharau inayoanzia barabarani huishia kuwa gharama ya hospitali.

Na gharama ya hospitali humrudisha mwanamke barabarani. Mtoto akilazwa na fedha isipatikane kwenye kikoba, kwa kaka wala kwa jirani, kuna mwanamume mwenye fedha ambaye anajua kwamba mama huyu hawezi kukataa. Husemwa kwamba aliridhia, hakushikiwa panga. Lakini ridhaa ya mtu ambaye njia nyingine zote zimefungwa haina uzito wa ridhaa ya yule aliyelala kwenye meza ya upasuaji baada ya kuelezwa na kukubali. Wanaohubiri maadili kwa wasichana wa barabarani bila kutaja bei ya matibabu wanahubiri nusu ya jambo. Wanaojadili bei ya matibabu bila kutaja kinacholipwa na wanawake wasio na fedha nao hawajamaliza hesabu.

Kwamba dawa, glavu na mishahara ya wauguzi vina gharama, hakuna anayebisha. Bei ya vifaa ni halali. Isiyo halali ni pale bei hiyo inapohamishwa kutoka kwenye kifaa ikabandikwa kwa mtu, akatibiwa au kuachwa kwa kadiri ya mfuko wake. Ndiyo maana swali la nani alipe, mgonjwa peke yake siku ya ugonjwa au jamii nzima kabla ya ugonjwa, ni swali la utu kabla halijawa la uhasibu.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 imegawanya jambo hili. Ibara ya 12 inatambua kwamba kila mtu anastahili kuthaminiwa utu wake, na haki hiyo inaweza kudaiwa mahakamani. Msaada wa jamii wakati wa maradhi umetajwa katika ibara ya 11, ambayo imo katika sehemu ya malengo ya msingi, na ibara ya 7 inasema mahakama haina uwezo wa kuamua kama malengo hayo yametekelezwa. Kwa hiyo mwanamke wa Iringa aliyedhalilishwa ana mahali pa kushtaki, na akikosa fedha ya upasuaji hana.